Kidole cha Zuhura

Mwalimu wangu Elifasi,

Naandika nimekalia kiti chako. Mguu wake mbovu nimeutegeshea kitabu cha Siasa. Somo limefutwa, kitabu kimepata kazi. Ndugu zako wa Upare walikuja na lori hadi bara wakakuchukua. Ulikuwa Mkristo peke yako hapa Kiongoroni, na hukukosa futari yetu hata moja, wala hukufunga hata siku moja. Mwezi umeandama tena. Fungu lako limewekwa mahali pake, nikalila mimi. Usikasirike.

Ila sikuandikii kwa sababu ya futari.

Mzee Mtulia, babake Zuhura, yuko rumande Kibiti. Lile pigo lake la kafi unalijua kuliko mimi, lakini aliyekishika kichwa chako kwenye mashua siku ya tatu ni mimi, damu ikikutoka sikioni, injini ikizimika kila kona ya mto. Hatujafika bara, ukanitoka. Sasa kila mtu ananiambia, "Mwalimu Saidi, mzee kakosa, lakini na yule bwana si alimvunja mtoto kidole?" Nami najibu, "Ndiyo hivyo." Maneno mawili, Mwalimu. Zamani ungenichapa viboko vinne.

Unakumbuka tulivyojiandaa. Mradi ulituletea Mwalimu Mutale kutoka Zambia, yule mama mwenye Kiswahili cha mpakani na Kongo. Walimu wa nchi mbili watunge somo moja la hesabu, mmoja alifundishe, wengine wakae nyuma wawatazame watoto, si mwalimu. Sisi tukaelewa kivyetu: mgeni anakuja, nyumba ifagiliwe. Ukanikabidhi darasa la tano nilifanyishe mazoezi. Mimi, niliyeishia la saba na kusomea ualimu kwenye madaftari yako, nikalichapa siku mbili, likawa linajibu kabla ya swali. "Hesabu haiingilii kichwani," ulinifundisha, "inaingilia kiganjani." Fimbo za mkandaa, mkoko wetu, hazivunjiki. Vingine ndivyo huvunjika.

Zuhura binti Mtulia hakuwapo siku hizo mbili. Alikuwa na mama yake, wanatanda uduvi kwa shuka majini.

Siku yenyewe ukaandika ubaoni: nusu jumlisha theluthi. Darasa zima: "Tano ya sita!" Mutale akacheka. "Bote? Hakuna mwenye alipata ingine?" Zuhura akanyoosha mkono. Mbili ya tano: kajumlisha vya juu kwa vya juu, vya chini kwa vya chini. "Hii ni muzuri sana, mama! Kuya utuonyeshe." Mtoto akaandika, akaweka chaki chini, akafumba macho, akatandaza viganja vyote viwili. Nyuma yake wakasimama saba wengine kwa mstari, viganja juu. Niliwakaririsha tano ya sita, lakini mioyoni mwao jibu lilikuwa lile la Zuhura, na walijua bei yake.

Ukaninong'oneza, "Umeona nidhamu?" Mutale alivishika viganja vya Zuhura, akavikunja kimoja kimoja, kama mtu anayefunga madirisha.

Kwenye kikao alisema, "Nilikuja kuona namna batoto banafikiri. Niliona namna banaogopa." Walimu wa Nyamwage waliokuja kutazama wakachekea mikononi. Wewe uliinamisha kichwa. Mimi nilijiona nimevuliwa nguo sokoni.

Mashua yake ilipoondoka nikamwita Zuhura nyuma ya ofisi. Fimbo ya kwanza. Ya pili. Ya tatu akakunja mkono, nami nikapiga kwa nguvu zote nilizokuwa nazo, nikasikia mlio wa ukuni mkavu. Ukatokea, ukaninyang'anya fimbo. Ulikuwa bado umeishika, Mzee Mtulia alipopanda kutoka majini na kafi begani.

"Nani?"

Nilifungua mdomo. Ukaniwahi: "Mimi."

Kwenye mashua ulinieleza kwa pumzi ya kuazima: "Wewe huna cheti. Watakufukuza. La tano libaki na nani?" Hata kufa, ulikufa ukipiga hesabu. Nayo hukuipata.

Siku hizi sichapi. Si wema, mkono umegoma. Tunaandikiana na Mutale. Kila Ijumaa watoto wananipa makosa yao, nayatia kwenye bahasha, yanakwenda Zambia, na ya kule yanakuja. Mbili ya tano imejaa huko, Mwalimu! Zuhura alipoyaona akasema, "Kumbe na wao!" Akaukata muhogo vipande sita sawasawa. Nusu, vitatu. Theluthi, viwili. "Sasa nyie hesabuni." Kidole kimepona kikiwa kimepinda. Darasa lilimtazama yeye. Mimi nilikitazama kidole.

Juzi nikaenda Kibiti. Nilimwambia Mzee Mtulia yote, nondo katikati yetu.

"Kwa hiyo nimeua mtu bure?"

"Ndiyo, mzee."

"Na wewe ulikuwa umesimama pale pale?"

"Pale pale."

Akanitemea mate, yakanipata shavuni. Sikuyafuta. Kisha akauliza, sauti ya mtu mwingine kabisa, "Zuhura anasoma?" Nikasema anasoma, tena anawafundisha wenzake. Akageukia ukuta. "Basi kaseme huko wanakoandika."

Keshokutwa nasimama mbele ya hakimu. Ushahidi wangu hautamrudisha mzee nyumbani, wala hautakufufua, lakini kila mtu atabeba lake. Nitasema jina langu lote, na la baba yangu, na kwamba mkono uliovunja kidole ni huu ninaokuandikia. Ualimu ukienda, uende. Nakuahidi hilo, na wewe ulikuwa unaijua hofu yangu.

Kwaheri, Mpare wetu. Umenibeba vya kutosha. Nishushe.

Saidi wako