Chai Isiyolalamikiwa

Chumba cha Nyuma,
Juu ya Duka la Fundi Cherehani.
Jumapili, baada ya mvua.

Mpendwa mjukuu wangu, mke mwenzangu,

Hujambo? Kifua kimepona? Unakula, au bado unashindia kahawa? Mimi sijambo kidogo. Magoti yanalia kila ngazi, lakini kufika nafika. Anayeniandikia ni fundi cherehani wa hapa chini. Nimemwonya aandike ninavyosema, asinitilie marembo.

Barua yako tumeisoma. Unasema mwalimu wenu wa masomo ya jioni aliwaambia kila mtu afikirie siku yake nzuri kuliko zote, nawe unataka kujua yangu. Wenzako wametaja bahari na hoteli. Haya, yangu hii hapa, wala haina nauli.

Naamka, nawasha jiko, nampelekea babu yako chai. Ananusa. Anakunja uso. "Wewe mwanamke, hii chai au maji uliyosuuzia sufuria?" Namjibu, "Kanywe kwa mama yako." Anakunywa huku amenuna, kisha anakwenda zake kutengeneza redio za watu. Basi. Jioni yake sina haja nayo.

Ulikulia ndani ya kelele hizo, unajua. Tangu anioe hakuwahi kunishukuru, nami sikuwahi kungoja.

Sasa ananishukuru. Hilo ndilo nililokuficha kwenye simu. Kila asubuhi anapokea kikombe kwa mikono miwili. "Asante sana, mama. Mungu akulipe." Kwa adabu, kama mgeni aliyekaribishwa kwa watu. Hanijui, mjukuu wangu. Bisibisi zake mwenyewe ananiuliza ni za nini.

Daktari, kijana mpole, alisema kilichoondoka hakirudi. Nikamwambia arudie kwa sauti, nikidhani ni masikio yangu. Hayakuwa masikio.

Juzi nikaitia ile chai chumvi. Usinicheke. Vijiko viwili, makusudi, nikakaa mbele yake nikingoja anitukane. Neno moja tu lingenitosha. Akanywa mpaka chini. Akafuta mdomo. "Asante sana, mama." Nikaenda jikoni, nikafungua bomba hadi mwisho ili asinisikie.

Fundi hapa ameacha kuandika, anajipangusa macho, eti vumbi la vitambaa. Andika, wewe!

Kwa hiyo usihangaike kuomba ruhusa kazini ili uje akuone. Atakupisha kiti na kukuamkia shikamoo, wewe uliyemkojolea mapajani. Siku yangu ile haiji tena. Wala usiniambie nisikate tamaa. Nimeshaikata, nimeikunja, nimeiweka kabatini.

Mama yako mdogo anakusalimu sana, anakuja kunisaidia kumwogesha. Msalimie mumeo, mwambie vyombo havimng'ati, aoshe. Mungu akufunike huko uliko, na kila jioni akurudishe nyumbani mzima.

Jambo moja nakuomba. Chai yangu umeinywa tangu huna meno. Ukijibu, niambie ilikuwa mbaya. Uniseme kwelikweli, usinionee huruma. Fundi atanisomea kwa sauti, karibu na kiti cha babu yako.

Ni mimi bibi yako,
nikupendaye hata nikikukaripia.