Aya yako ya ndiva nimeirudisha

Mpendwa Namkunda,

Simu yako haipatikani tangu ulipoondoka chuoni, kwa hiyo nakuandikia hapa hapa tulipozoea kubishana, kwenye majadiliano ya ukurasa wetu wa wiki, ile tovuti ya chuo ambayo kila mwanafunzi aliweza kuihariri. Muhula huu ukiisha, chuo kinaufunga. Ukiingia kabla ya hapo utanikuta.

Unakumbuka tulivyoanza? Mwalimu alisema ukurasa ni wetu sote watano, kila mmoja aandike na arekebishe cha mwenzake. Wewe ukakataa kugusa sentensi ya mtu bila kumpigia simu kwanza. "Habari za saa hizi, naomba nikuondolee mkato mmoja." Tulikucheka mpaka basi. Ukatujibu, "Kwetu hufungui maji wakati zamu ni ya mwingine." Mimi wa Kisiwani, kijiji cha huku tambarare, niliyekua nikisubiri maji yateremke kutoka kwenu mlimani, ndiye niliyepaswa kukuelewa. Wapi!

Mada yetu ilikuwa ndiva, yale mabwawa ya wazee wetu yanayotunza maji ya kijito ili mashamba yamwagiliwe kwa zamu. Uliandika jinsi bibi yako alivyokupeleka kwenye msaragambo, ile kazi ya pamoja, kijiji kizima kikizoa tope, nawe ukapewa kisufuria kwa sababu majembe yalikuzidi urefu. Niliipenda sana aya ile. Na asubuhi ya kuwasilisha kazi nikaifuta. Niliwaambia wenzetu haina rejea. Ukweli ni kwamba kando yake ya kwangu ilionekana kavu, nikaingiwa na wivu.

Dakika chache baadaye ukanipigia. Nilidhani unakuja juu, nikaiacha simu iite mpaka ikakata.

Darasani hukunishtaki kwa mwalimu. Haukupita muda mama yako akaugua, ukarudi nyumbani kumuuguza, na hukuonekana tena.

Siku hizi nafundisha mimi. Wanafunzi wangu wanafutiana maandishi bila hata salamu. Juzi niliwafungulia ukurasa wetu waone wiki inavyohifadhi kila badiliko, saa yake na jina la aliyelifanya. Nikateremka hadi asubuhi ile. Saa mbili na robo, mimi nimefuta. Saa mbili na nusu, umeingia wewe. Aya yako hukuirudisha. Uliingia kwenye yangu, nilipoandika kwamba ndiva hufunguliwa jioni, ukaweka asubuhi, ukatoka. Darasa lile lilikuwa limejaa watoto wa Upare, wangenicheka hadi leo.

Kumbe ulikuwa umenipigia kuniomba ruhusa.

Niliwaambia wanafunzi wapumzike kidogo, nikatoka nje. Nilikuwa nalia, Namkunda, na umri wangu huu.

Nakukumbuka. Kila nikishuka Same siku ya gulio nasimama pale magari ya mlimani yanapoegeshwa, natazama wanaoteremka. Hakuna ninachonunua. Mama muuza ndizi ameshanizoea, haniulizi tena. Nisamehe, na popote ulipo Mungu akutunze wewe na mama.

Aya yako nimeirudisha yote, hadi maneno mawili uliyoyarudia kwa haraka. Wanafunzi wananiuliza mbona siyaondoi, ni kazi ya sekunde moja. Nimewajibu kwamba bado sijakupata kwenye simu.

Mwenzako wa kundi, yule wa Kisiwani