Majina Ambayo Hukuyataja

Kwako Ayyo, mama yangu,

Juzi tuliandikisha watoto wa chekechea, nami nikakukumbuka siku nzima. Najua huko uliko barua hazifiki. Hata zingefika, ungetafuta mtu wa kukusomea, na mtu huyo angekuwa mimi.

Siku uliyonipeleka shule hapa mtaani Bulla Pesa, uliuza mapema maziwa yako ya ngamia, ukanawa miguu, ukavaa mtandio wa Idd. Mwalimu alikuwa mama mmoja kutoka upande wa Meru, mchangamfu na mwepesi wa maneno. Alikuuliza jina la mtoto, ukasema Talaso.

"Majina matatu, mama."

Ukanyamaza. Jina la pili ni la mume wako, la tatu ni la baba mkwe wako, na kwa malezi yako ya Kiborana mke hatamki majina hayo hata umchinje. Mwalimu hakujua. Alisubiri kidogo, kisha akasema foleni yote ikisikia, "Mama, hata jina ya mtoto wako hujui? Ama wewe ni mfanyakazi wa nyumba tu?"

Watu walicheka. Ulisema, "Baba yake atakuja," ukaenda zako bila kuniaga. Kesho yake baba alikuja akamaliza kazi hiyo kwa dakika moja.

Hukukanyaga tena shule ile. Mikutano ya wazazi, siku za kufunga, hata siku niliyopewa zawadi ya kusoma, hukuja. Ulikuwa ukinisindikiza hadi kona ya duka la nyama na kusimama pale mpaka niingie getini. Nikiwa darasa la nne nilikulalamikia, "Mama za wengine wanakuja."

"Hao husemeshwa kwa heshima," ukanijibu, ukaendelea kuosha mitungi.

Nilikasirika. Nilidhani una kiburi, na kusema kweli kiburi ulikuwa nacho kidogo.

Sasa mwalimu ni mimi. Wenzangu husema wazazi wafugaji hawajali masomo ya watoto, na kwa miaka miwili nilikubaliana nao. Kisha mwaka jana akaja mama mmoja aliyehamia mjini kutoka kijiji cha Korbesa. Alitaja jina la kwanza la mtoto wake akanyamaza, nami nikamwambia, "Haraka mama, watu wanangoja." Mimi, Ayyo, Mborana mwenzake. Nilikuwa na fomu hamsini za kujaza na kichwa kinaniuma, lakini hiyo si sababu. Aliinamisha uso, na nikajua nimefanya nini.

Jumamosi nilimfuata nyumbani kumwomba radhi. Alinipa chai kwanza. Wifi yake ndiye aliyenitajia majina, tukacheka sote. Siku hizi fomu nyingi nazijazia majumbani, au nasoma majina kwenye kadi ya kliniki bila kumuuliza mtu. Mama yule huja darasani Ijumaa kuwaonyesha watoto jinsi ya kusuka chombo cha maziwa. Mtoto wake, ambaye muhula mzima hakufungua mdomo, sasa namwambia anyamaze.

Lakini kuna jambo sikuwahi kukuambia ukiwa hai. Siku ile uliyonipeleka shule nilikuwa kando yako, nimeshika nguo yako. Mimi sikatazwi kutaja jina la baba wala la babu, na yote mawili nilikuwa nayajua. Ningeyasema, mwalimu angeandika, nawe ungerudi sokoni na heshima yako. Sikuyasema, kwa sababu watu walipoanza kucheka niliachia nguo yako na kusogea upande wa mwalimu. Nilitaka aone mimi si kama wewe.

Makosa ya mwalimu nimekuwa nikiyasimulia miaka yote hii. Hili ni langu, na nimechelewa kukuomba msamaha.

Mwenyezi Mungu akulaze pema.

Binti yako, kifungua mimba wako