Sufuria Yangu Iliyong'aa

Jumatatu, 4 Machi 2019

Umri wangu miaka themanini na moja. Nimezika wake wawili. Nimepita vita vya Biafra, nimeona wanajeshi wakipokezana Ikulu kama kibuyu cha pombe. Madaktari wawili waliniambia moshi wa tanuru utaniua — wao ndio wametangulia. Mimi bado nasubu shaba, nayeyusha na kumimina kwenye kalibu. Hapa mjini Benin hakuna anayesubu kama mimi. Hakuna!

Ehigie, mdogo wangu, macho yamekuwa ya njano. Hospitali wamesema ni risasi — ile ya madini, si ya bunduki — imetoka kwenye skrepa tunazoyeyusha, imeingia kwenye ini. Wamempa vidonge, wamemkataza tanuru. Mimi nimemchemshia dawa yetu. Majani machungu na nanasi bichi, ndani ya sufuria niliyoisubu mwenyewe. Kwa baba yetu, dawa ya mhunzi haipikwi kwenye chombo cha mtu baki. Ehigie kaonja, kakunja uso. Kaka, hii dawa au adhabu? Nikamwambia vyote viwili. Kunywa!

Alhamisi, 7 Machi

Isoken kaja. Mjukuu wangu, anasomea dawa chuo kikuu. Eti kwenye maabara yao majani machungu yanalinda ini la panya waliolishwa risasi. Nimecheka mpaka nikakohoa. Miaka yote nasema mimi, leo panya ndio wanaaminiwa! Kaomba dawa yangu awape panya wake. Wengine atawapa majani atakayochemsha mwenyewe, kwenye chombo cha kioo. Nimempa chupa mbili. Waambie walimu wako waje wapige magoti hapa.

Jumapili, 17 Machi

Ehigie hakwenda kanisani. Mikono inatetemeka, chai yote kwenye shati. Nimemwongezea dawa, asubuhi na jioni. Na nanasi nimezidisha, iwe kali. Adesuwa, mkewe, ananung'unika. Shemeji, tangu aanze hicho kitu chako hajaacha kushika tumbo. Nikamwambia dawa inapigana huko ndani, vita vina kelele. Kaendelea kufua.

Ila sufuria! Ndani palikuwa peusi kama mkaa. Sasa panang'aa kama siku nilipovunja kalibu nikaitoa. Nimewaita majirani waone. Dawa inayosugua shaba hivi, ini italiacha?

Jumanne, 9 Aprili

Isoken karudi. Nimempa kiti, hakai. Panya je? Kasema waliokunywa dawa yake, ini lao afadhali sana kuliko la wale waliolishwa risasi wakaachwa hivyo hivyo. Nikapiga makofi. Na wangu?

Katazama mlango wa jikoni.

"Wako, babu, ndio wabaya kuliko wote. Kuliko hata wasiopewa kitu."

Nikamfokea. Umechanganya panya! Mkia ni mkia, utajua yupi ni yupi? Kaingia jikoni, katoka na sufuria, kaniinamishia nione ndani.

"Weusi uliokuwa hapa uko wapi?"

"Umesuguliwa na dawa."

"Sawa. Ukaenda wapi?"

Nimemfukuza. Sufuria kaiacha magotini kwangu.

Jumatano, 10 Aprili

Sikula.

Shaba ikiwa nzito haifiki kwenye pembe za kalibu. Kila mhunzi anajua. Unatia risasi, inateleza kama maji. Wenzangu wanatia kwa woga. Mimi natia ya kutosha — ndiyo maana kazi yangu haina hata tundu! Ile sufuria nilitia kuliko zote. Mdomo wake mwembamba kama jani. Mtaa mzima uliusifu.

Na nanasi bichi linakula shaba. Nalijua hilo. Ndilo nasafishia sanamu kabla mnunuzi hajaja.

Nalijua!

Alhamisi, 11 Aprili

Nimenunua chungu cha udongo, kwa mama asiyenijua. Nimechemsha majani matupu. Nanasi sikutia. Nimepeleka mwenyewe, nimefunika kwa kitambaa.

Adesuwa kasimama mlangoni. Hanipishi. Imepikwa kwenye nini, shemeji? Chungu. Chungu gani, wewe na chungu wapi na wapi? Majirani wametoka nje. Kasema apa kwa Ogun, mungu wa chuma! Nikaweka mkono juu ya nyundo yangu kiunoni, nikaapa. Mimi, mbele ya watu, kwa ajili ya udongo. Bado hanipishi. Kaita gari, wanamrudisha Ehigie hospitali. Na kampigia Isoken simu aje, aseme yeye kama inywewe au imwagwe.

Naandikia hapa kizingitini. Chungu miguuni, bado cha moto.

Ehigie kaita kutoka ndani, sauti nyembamba kama uzi. Kaka, umeleta? Mkewe kamwambia nyamaza. Kaita tena. Kaka, lete basi, nitakunja uso tu.

Ananiamini mpaka leo. Siinuki.

Haya niliyoandika wanayajua wawili, waulizwe wao. Isoken aliyeangalia ndani ya sufuria, naye yuko njiani. Na Ehigie aliyekunywa. Yeye aulizwe upesi —

Gari limefika.