Mwajuma Aanza Chuo

Jumatatu, 4 Februari 1974

Foleni ya unga tangu alfajiri. Nimepata kilo mbili. Kurudi nyumbani nakuta mzozo uleule: binti yetu Mwajuma aanze chuo cha Kurani lini. Mama mkwe anasema sasa hivi, miaka minne imetimia, wanawe wote walianza na minne. Mume wangu anasema mpaka saba, mtoto aachwe acheze. Yeye alichapwa sana chuoni kwao Kilwa, hajasahau.

Mimi sijaulizwa. Nataka aende. Sikupelekwa mimi. Nasali kwa sura mbili tatu nilizookota kwa kusikiliza. Hata kuandika huku nimejifunza mwaka jana tu, kwenye kisomo cha watu wazima, nina miaka ishirini na sita. Binti yangu asichelewe hivyo.

Alhamisi, 7 Februari

Baba Mwajuma amekubali, shingo upande. Nimempeleka mtoto kwa Bi Zaina, anayesomesha ukumbini kwake mtaa wa pili. Juzuu mpya. Ushungi mweupe. Kashata za kuwagawia wenzake. Alikaa mkekani akanipungia mkono. Nimelia njiani kwa furaha, kama mjinga.

Jumatano, 13 Februari

Bi Zaina anasema Mwajuma haitikii. Wenzake wanasoma alifu, be, te. Yeye anawatazama midomo. Mara anatoa sauti ambayo si herufi yoyote, watoto wanacheka.

Mama mkwe: mkaidi huyo, hasikii.

Baba yake: nilisema, bado mdogo.

Jumatatu, 18 Februari

Nimempiga. Naandika ili nisijidanganye. Nilimkalisha chini baada ya chakula cha mchana, nikamwambia asome bismillahi. Akanikazia macho mdomoni. Nikarudia. Akatoa mlio tu. Nikarudia mara ya kumi, halafu nikachukua kandambili. Mapajani, mara tatu. Hakukimbia. Alinitazama kama mtu asiyejua amekosa nini.

Najichukia.

Alhamisi, 21 Februari

Mama mkwe na mwanawe wamegombana tena. Minne, saba, minne, saba. Mume wangu anataka nimtoe. Mama mkwe anasema akitolewa sasa hatarudi. Sina upande. Nimechoka.

Jumamosi, 23 Februari

Leo sokoni Kariakoo. Mwajuma alikuwa hatua chache mbele yangu. Mchukuzi akaja nyuma yetu na mkokoteni wa magunia, anapiga kelele, pisha, pisha! Watu wote wakapisha. Mwajuma akaendelea kutembea katikati ya njia, taratibu, anatazama mafungu ya machungwa. Nikaita. Nikaita tena. Gurudumu likamkwangua mguu, akaanguka.

Yule mchukuzi aliuacha mkokoteni. Akaniuliza, “Dada, mtoto wako hasikii?”

Siku zote tunalisema neno hilo nyumbani. Hasikii, hasikii. Hakuna aliyelisema kwa maana yake.

Nyumbani nimesimama nyuma yake nikaangusha sufuria sakafuni. Jirani alitoka chumbani kuuliza kuna nini. Mwajuma hakugeuka.

Jumanne, 26 Februari

Hospitali. Daktari alinisikiliza vizuri. Akauliza kama mtoto aliwahi kuugua. Nikamwambia surua, mwaka juzi, na baadaye masikio yakatoa usaha wiki nyingi. Tulimtia mafuta ya nazi ya moto. Usaha ukakoma, tukashukuru. Kweli, maneno yake yalipungua baada ya hapo. Tukasema anadeka.

Masikio yote mawili. Hakuna dawa.

Nikauliza, angeanza chuo na miaka saba ingekuwaje? Daktari hakuelewa swali langu. Nami sijui kwa nini niliuliza.

Ijumaa, 1 Machi

Baba Mwajuma hajaenda kazini bandarini. Amelala ameelekea ukutani. Mama mkwe amenifuata uani ninapofua. “Mama Mwajuma, yale mafuta nilitia mimi.” Basi. Amesimama anangoja.

Nilipaswa kumwambia si kosa lake, wote tulikuwepo. Sikuweza. Niliendelea kufua. Akarudi ndani.

Jumatatu, 4 Machi

Nimekwenda kwa Bi Zaina kumtoa mtoto. Nimemweleza yote. Alishika kichwa.

“Akae,” akasema.

“Atasoma nini, mwalimu?”

“Sijui, mwanangu. Sijapata kumsomesha asiyesikia. Lakini akae na wenzake.”

Amemhamishia mbele, karibu na goti lake. Nilipotoka sikuaga.

Alasiri nimemwambia mama mkwe kwamba si kosa lake. Amelia mpaka amekohoa. Nimechelewa siku tatu.

Jumapili, 17 Machi

Mvua kidogo asubuhi. Bi Zaina anasema Mwajuma ameanza kuchora alifu na be ubaoni, mkono wake mtulivu kuliko wa wenzake.

Alasiri ametandika mkeka uani, akafungua juzuu, akaanza kuyumba mbele na nyuma kama wanavyoyumba chuoni. Midomo inacheza. Sauti hakuna. Mama mkwe alikuwa anapita na ndoo, akaitua chini polepole. Baba yake akatoka mlangoni.

Nimekaa karibu yake na ungo wangu, nikachagua mchele mpaka alipomaliza.