Rangi Yetu Mkiani

Jumatatu, 3 Machi
Mafundi wamemaliza kuipaka rangi ndege yetu. Mkiani sasa kuna jina letu! Miaka yote tumeruka na nembo ya Kampuni Kubwa, tiketi zao, ratiba yao. Abiria walishuka wakiwashukuru wao. Basi, imetosha.
Shemeji alikuja kunijulia hali. Akacheka: kifaranga kimetoka chini ya bawa, mwewe ajiandae kula. Nikamwambia mwewe na aje, atatukuta hukohuko angani.
Kifua kinabana. Daktari siku hizi haniangalii usoni.

Jumanne, 4 Machi
Niandike jambo hili kabla sijaenda nalo kaburini. Binti yangu, ambaye sasa ndiye mkurugenzi, anaamini Kampuni Kubwa ndiyo iliyotutema. Si kweli. Walinipigia simu wakitaka tuendelee nao, ila tuache viwanja vidogo vya ndege vya bara, maana havina faida. Nikakataa papo hapo, bila kumuuliza. Kukataa sijutii. Kumficha — ndiyo, kidogo.

Ijumaa, 7 Machi
Safari ya kwanza! Nilipelekwa uwanjani kwa kiti cha magurudumu. Saa ya kuondoka imefika, ndege haisogei. Binti akampigia rubani: unangoja nini? Eti abiria wa Kampuni Kubwa, ndege yao imechelewa. Mazoea! Tumewangoja hao nusu ya maisha yetu. Binti akamfokea: si wetu tena, ondoka!
Nilicheka mpaka nikakohoa. Binti hakucheka.
"Baba, viti nusu ni vitupu."
"Nusu nyingine wamekuja kwetu, mwanangu. Hawakuletwa na mtu."

Jumapili, 9 Machi
Binti kaingia chumbani bila hodi, simu mkononi, kiganja kimeziba maikrofoni. Kampuni Kubwa. Wanasema wako tayari kusahau jinsi nilivyowakatalia.
"Baba, ulinifanya mtoto mdogo."
Nimemwomba radhi. Kisha nikanyoosha mkono: lete, niwajibu mimi.
"Thubutu! Safari hii najibu mwenyewe."
Sasa kasimama dirishani, kanipa mgongo. Naandika ili nisiropoke. Anawaambia ndiyo, viti nusu vilikuwa vitupu. Ndiyo, mafuta yamepanda. Moyo wangu! Kisha anawauliza: na viwanja vidogo?
Anasikiliza. Kageuka. Kakunja uso — na huo uso wa kukataa naujua, ni wangu, nimeunyoa kila asubuhi kwa miaka—