Bei Iliyoletwa na Baridi ya Brazili

Sokon I, Arusha
12 Februari 1995

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini wewe, Mama na mdogo wangu Ephraimu hamjambo huko Nkoaranga, na goti lako limepoa. Mimi ni mzima, nakula vizuri, na utafiti wangu wa chuo unakwenda.

Wifi Joyce alipita hapa akielekea soko la Kwa Mrombo. Anasema unataka kung'oa migomba yote ya Mama uoteshe kahawa, kwa kuwa bei imepanda tangu wanunuzi binafsi waruhusiwe, na kwamba Mama siku hizi hata kuongea haongei. Jamani Baba, weka panga chini kwanza!

Utafiti wangu ndio huohuo. Wanunuzi wameongezeka, bei imepanda, basi kila mtu anasema wao ndio walioileta. Lakini takwimu zinazopanda tu bila kurudi zilikotoka zinadanganya mno. Ephraimu naye amerefuka miaka hiyohiyo; nilimtia kwenye hesabu kwa utani, zikasema urefu wake ndio umepandisha kahawa! Nilicheka hadi machozi. Mwalimu wangu akanielekeza nitazame mabadiliko ya msimu hadi msimu, kisha nitafute kitu cha nje kinachotikisa bei, ambacho mnunuzi wa hapa hana mkono nacho. Nikakipata. Mwaka jana baridi kali iliunguza kahawa ya Brazili, na hiyo ndiyo iliyopandisha bei. Mibuni yako mipya itakapoanza kuzaa, Wabrazili nao watakuwa wanavuna tena, bei itashuka, na nyumbani hakutakuwa na ndizi.

Najua utasema Philemoni, yule mnunuzi wa Machame unayempenda kuliko sisi wanao, alikuambia vingine. Nilimwonyesha hesabu zangu. Alikuna kichwa, akakiri kwamba habari za Brazili alizijua tangu mwanzo, ila wazee walipomsifu kwamba yeye ndiye aliyeileta bei, aliona utamu kunyamaza.

Sasa Baba, kaa vizuri. Philemoni ameomba kunioa, nami nampenda sana. Nimemwambia sitamjibu mpaka aje kwako akueleze kwa kinywa chake kwamba ile bei si yake. Atakuja Jumamosi, peke yake. Ya washenga baadaye. Akizungukazunguka, mpe chai aende zake. Nitalia, nitanyamaza. Akisema kweli, usimfokee sana Baba, mwambie nimekubali.

Nisalimie Mama na majirani wote. Mungu awalinde.

Mwanao akupendaye,
Tekla